Sanda (mashine ya kupiga msasa) ya betri imeandikwa 88V, ndani nimekuta seli tano. Mafundi tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Ng'ambo hapa Tabora, chini ya mwembe. Miaka yote tumepiga msasa kwa mkono, mimi na vijana wangu wawili. Mninga wa huku kwetu mnaujua. Meza ya watu wanane inakula siku nzima, na jioni bega halinyanyuki. Tena kazi nyingi za kumalizia nazifanyia kwa mteja, Sikonge, Urambo, kwenye nyumba ambazo umeme bado haujavutwa. Ndiyo maana nilitaka sanda ya betri, ile ya pedi ya duara ya inchi 5, inayotikisika huku inazunguka. Nilijibana miezi minne kuipata hiyo hela.

Nikaona tangazo la duka moja la Kariakoo. Mashine, betri mbili na chaja, 185,000. Kwenye boksi na kwenye betri yenyewe imeandikwa kwa herufi kubwa: 88V, 6Ah, brashilesi. V ni volti, Ah ni kiasi cha chaji ambacho betri inabeba, brashilesi ni mota isiyotumia kaboni. Nikapiga simu. Muuzaji akaniambia, "Bosi wangu, hiyo inapiga saa zima kwa chaji moja, hutajuta." Nikatuma hela, mzigo ukapanda basi, nikaupokea stendi siku ya pili yake.

Dakika 11. Betri imejaa, taa ya chaja ni ya kijani, nimeanza kwenye uso wa meza ya mninga na msasa namba 80, na dakika ya 11 mashine imezima. Nikaweka betri ya pili, nayo ikazima hivyo hivyo, ya moto kiasi kwamba huwezi kuibana mkononi. Kuchaji moja tu ni zaidi ya saa.

Usiku nikaifungua betri moja. Skrubu nne za kichwa cha nyota, kifuniko kikatoka. Ndani kuna seli tano zilizovalishwa plastiki ya kijani, zimeungwa kwa vibati vyembamba, na pembeni kumejaa hewa. Nafasi ya seli nyingine tano ipo, imeachwa wazi. Kila seli imeandikwa 1500mAh, yaani 1.5Ah.

Sasa hesabu hii kila fundi aijue. Seli moja ya lithiamu ya aina hii, iliyojaa kabisa, ina volti 4.2. Ikiwa kazini tunaihesabu 3.6. Seli tano zilizofuatana ni volti 21 zikijaa, na 18 kikazi. Basi. Ili ufike 88 unahitaji seli 21, na betri hiyo ingekuwa na uzito wa karibu kilo moja kwa seli peke yake. Ah nazo haziongezeki kwa kufuatanisha seli. Seli tano za 1500 mfululizo zinabaki 1.5Ah, siyo 6. Zidisha 18 kwa 1.5 unapata wati-saa 27. Sanda ikikandamizwa kwenye mbao ngumu inakula kama wati 150, kwa hiyo dakika 11 zangu zinatoka pale pale kwenye hesabu. Mashine haikuharibika. Ilifanya kile ambacho seli tano zinaweza kufanya, na aliyeichapisha ile lebo alijua hivyo tangu kiwandani.

Hiyo brashilesi nayo ni uongo. Zima taa uiwashe gizani, utaona cheche za bluu kwenye matundu ya hewa. Nimefungua mashine, nimekuta kaboni mbili kama za grenda.

Lakini kilichoniuma zaidi siyo betri, ni meza. Mashine nzuri ya aina hii ina mpira wa duara juu ya pedi, unaoibana kidogo ili isizunguke ovyo ukiinyanyua. Pedi inatakiwa itikisike kwenye duara dogo sana, milimita mbili na nusu hivi, mara maelfu kwa dakika, na kuzunguka kwake kuwe kwa taratibu. Yangu imekuja bila huo mpira. Ukiinyanyua inafyatuka na kuzunguka kama feni, ukiirudisha kwenye mbao inachimba. Mbao ikiwa kavu huoni kitu. Nimepiga namba 80, nikapiga 120, nikapiga 180, nimepitisha kiganja, laini kabisa. Nimepaka sila ya kwanza (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao), na mwanga wa asubuhi ulipoingia kwa upande, meza nzima imejaa viduara vidogo vidogo, kama daftari la mtoto anayejifunza kuandika herufi o.

Mama mwenye meza alipita siku hiyo hiyo. Akainama, akapitisha kidole. "Fundi, hii ndiyo meza yangu?" Nikamwambia, "Mama, nisamehe, nipe mpaka Jumamosi." Yule mama amenipa kazi tatu na hajawahi kunidai hata siku moja kabla ya ahadi. Nilishindwa kumtazama usoni.

Nikampigia muuzaji. Mwanzo ananiita bosi, nilipotaja seli tano akabadilika. Kwanza: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kisha, na hili nimelisikia kwa masikio yangu: "Fundi, 88V siyo volti, ni jina la modeli." Jina la modeli! Sasa herufi V mmeiweka hapo ya nini? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya nchi hii, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nilimtajia zote mbili, akakata simu, na sasa namba yangu haipokelewi.

Wapo watakaosema ungenunua ya bei kubwa. Wakuu, fundi wa Tabora mwenye 185,000 mkononi hajakataa ya bei kubwa, hana. Angeandikiwa ukweli, 18V, 1.5Ah, mota ya kaboni, angejua anachonunua, na labda angeongeza betri au angeendelea na mkono wake akisubiri. Aliyemnyima ukweli ndiye aliyemwibia.

Msifungue betri kama mimi kama hamjazoea, ukigusisha vibati viwili kwa bisibisi moja inaweza kuwaka. Ipelekeni kwenye mzani wa dukani. Seli moja ya kawaida, ile nene kama kidole gumba na ndefu milimita 65, ina gramu kama 45. Seli nzuri hubeba 2,500 hadi 3,000mAh, kwa hiyo ukitaka 5Ah au 6Ah kwa seli hizo lazima ziwe kumi, na kumi peke yake ni gramu 450 kabla ya plastiki. Betri yangu nzima, na ganda lake, ilisoma 380. Ningekuwa nimemwambia muuzaji aipandishe kwenye mzani mbele ya kamera ya simu kabla ya kutuma hela, hela yangu ingekuwa mfukoni.

Pedi nayo, izungushe kwa kidole mashine ikiwa imezimwa. Ikiteleza bila kushikwa na kitu chochote, achana nayo. Angalia na matundu ya pedi. Yangu ina 8, na misasa ya velkro (ya kunata kwenye pedi) ninayopata hapa mjini mingi haina tundu hata moja, kwa hiyo vumbi halinyonywi, linabaki chini, linachemka, velkro inayeyuka. Nimekata kiolezo cha boksi natoboa mwenyewe kwa bomba lililonolewa. Mjue hilo kabla ya kununua. Na vumbi la mninga siyo la kuchezea. Linabana kifua na kuwasha ngozi, na vumbi la mbao kwa ujumla IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, ililiweka tangu 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mfuko wa vumbi wa mashine hii ni kitambaa ambacho ukikiinua juani unauona mwembe kupitia kwake. Kijana wangu mdogo alikohoa siku mbili. Nimempumzisha.

Kwa aliye na mashine ya kweli: usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Iweke kwenye mbao kwanza ndiyo uwashe, na uisogeze polepole, kama sentimita mbili na nusu kwa sekunde. Nimejifunza hayo kwenye mashine ya kuazima ya fundi mwenzangu wa Kigoma alipopita hapa na treni. Yake ina 18V halisi, betri yake kwenye mzani ule ule ilisoma gramu 630. Tulipiga nayo mlango mzima, juu na chini, na taa za chaji kwenye betri zilikuwa bado mbili.

Meza nimeirudia kwa mkono. Nimekwangua sila yote, nipo namba 120 sasa, nusu imebaki.

Naomba mambo mawili. Aliyewahi kurudishiwa hela kwa bidhaa ya namna hii aandike hapa alipita njia gani, hatua kwa hatua. Na kila mwenye betri iliyoandikwa 48V, 88V au 128V aipeleke kwenye mzani leo, aweke hapa picha ya lebo na gramu zake pembeni. Yangu ndiyo ya kwanza: 88V, 6Ah, gramu 380.