Boti ya wazamiaji Bahari ya Shamu: abiria 22 tumelala, na hakuna aliyebaki macho

Asalam aleikum jamaa. Nina hasira na sitaificha. Siku tisa zilizopita nimerudi Muscat kutoka Misri, kwenye safari ya kuzamia ya wiki nzima, zile ambazo mnalala humo humo botini na kuhama mwamba hadi mwamba. Tuliondoka Hurghada abiria 22. Siku tatu za mwanzo, ikishafika saa tano usiku, hakuna mtu hata mmoja aliyebaki macho kwenye boti ile. Nahodha kalala, fundi wa injini kalala, mabaharia wamelala, jenereta inanguruma, betri za watu zinachaji, na sisi tumepangwa chini ya sitaha kama samaki kwenye tenga. Ninalolalamikia ni hilo. Chakula kilikuwa kizuri na maji ya kuoga yalikuwa ya moto, kwa hiyo mtu asinijibu habari za chakula.

Nilimlipia mdogo wangu na mimi mwenyewe, euro 1,350 kila mtu, na bandarini tukatoa taslimu nyingine ya ada ya hifadhi na mafuta. Nimeweka akiba karibu miaka miwili. Nimejifunza kuzamia hapa Oman, visiwa vya Daymaniyat, na daftari langu lina mizamo 140 na kitu. Na kwa wale watakaosema mimi ni mwoga wa bahari, mimi ni mzaliwa wa Wete. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija Pemba, mtaani kwetu matanga yalikaa nyumba kwa nyumba. Nimekua nikijua mtu anaweza kupanda chombo jioni akiwa mzima na asubuhi akawa jina kwenye orodha.

Sikilizeni sasa jinsi walivyotukagua sisi. Kule Brothers na Daedalus, miamba iliyo mbali na pwani, hawakuruhusu kuzamia mpaka uwe na mizamo 50, na ni sheria nzuri, kwa sababu mikondo yake si ya mchezo. Basi siku ya kwanza wakaketi mezani, wakafungua daftari la kila mmoja, wakatazama cheti, wakatazama kadi ya bima, wakatusainisha karatasi sita za kwamba likitutokea lolote tusimdai mtu. Mdogo wangu alisahau kusaini ukurasa mmoja, akafuatwa mpaka kitandani. Hayo yalipokwisha, tukapewa maelezo ya boti kwa dakika kumi hivi: karatasi isitupwe chooni, taulo za sitahani zisiingie vyumbani, bahashishi inakusanywa siku ya mwisho. Moto ukitokea tufanye nini? Hawakusema. Jaketi za kuokolea zinavaliwaje? Hawakusema. Nilipouliza kuhusu mlango wa dharura nikaambiwa upo, chumba cha mbele kabisa, halafu tukaitwa kula.

Chumba cha mbele kabisa kilikuwa cha mdogo wangu. Mlango wenyewe ni kibao cha dari juu ya kitanda chake, upana wake mtu mnene hapiti. Nikakisukuma kwa mikono miwili. Hakikunyanyuka. Nikapanda ngazi kwenda kuangalia upande wa pili, nikakuta kinatokea sebuleni, chini ya benchi la kona, na juu yake wamepanga makreti ya soda na pipa la plastiki la mapezi ya kukodisha. Yaani ngazi inatokea sebuleni, na mlango wa dharura nao unatokea sebule hiyo hiyo. Moto ukianzia sebuleni, huna pa kupita.

Hili silitungi kichwani. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California. Abiria walikuwa wamelala chini, na njia zote mbili za kutokea ziliishia kwenye sebule iliyokuwa inawaka. Walikufa watu 34. Nahodha na mabaharia wanne waliokuwa wamelala sitaha ya juu waliruka wakapona. Kibali cha ile boti kilitaka pawe na mlinzi anayezunguka usiku, na hakuwepo. Wachunguzi wa Marekani hawakuweza kusema kwa hakika moto ulianza na nini, lakini walisema wazi kwamba ungegunduliwa mapema kama mtu mmoja tu angekuwa anazunguka. Nahodha alishtakiwa, akatiwa hatiani mwaka 2023, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Na huko huko Bahari ya Shamu, Juni 2023 boti iliungua kwenye mwamba wa Elphinstone wakafa Waingereza watatu, na Novemba 2024 nyingine ikazama upande wa Marsa Alam alfajiri watu wakiwa vyumbani, baadhi yao wakakaa humo ndani ya maji zaidi ya siku nzima kabla ya kutolewa wakiwa hai. Kila anayefanya kazi hii Hurghada anayajua haya. Hawawezi kuniambia hawakusikia.

Usiku wa tatu tulikuwa tumefunga kamba Brothers, kilomita zaidi ya 50 kutoka pwani. Bahari ya pale haina kosa lolote, naomba nilitenge hilo. Mchana wake nilikutana na longimanus, yule papa mwenye ncha nyeupe za mapezi, akanizunguka taratibu mpaka nikayaona makovu ya mdomoni mwake, na nilipopanda juu nilikuwa natetemeka kwa furaha. Nililala nikijiona nina bahati.

Niliamshwa na harufu, saa nane na dakika kumi usiku, ile ya plastiki inayoungua inayokaa nyuma ya koo. Nikapanda sebuleni peku. Taa zimezimwa. Kwenye meza ya kuchajia palikuwa na ekstensheni moja ya matundu sita, na kwenye moja ya matundu hayo imechomekwa ekstensheni nyingine, na zote mbili zimejaa: tochi, kamera, simu, betri za taa za video, zile nene kama mkebe wa maziwa. Chini yake wametandika zulia. Nilipoigusa ile ya pili ilikuwa ya moto kama pasi, na pembe yake imelainika, kidole changu kikaacha alama. Alama hiyo nina picha yake. Hakuna king'ora kilicholia. Kipo kimoja darini, nilikitazama asubuhi kikiwa wazi, hakina betri ndani.

Nikachomoa kila kitu, kisha nikaenda kumtafuta mlinzi wa zamu. Chumba cha usukani kitupu, mlango wazi. Jikoni hakuna mtu. Nyuma kwenye mitungi nikamkuta kijana mmoja amejilaza kwenye benchi, blanketi mpaka kichwani. Nilimwamsha kwa kumtikisa bega. Akasikiliza, akasema maalesh, yaani si kitu, akajifunika tena. Nikagonga mlango wa nahodha mara tatu. Kimya. Nikakaa juu mpaka adhana ya alfajiri ilipolia kwenye simu yangu, na katika muda huo wote hakupita mtu.

Asubuhi nikaongea nao mbele ya watu. Nahodha akamwambia mwongozaji wetu kwa Kiarabu, akidhani sielewi, "Muache, mwanamke kaogopa giza, atasahau akizamia." Nikamjibu kwa Kiarabu hicho hicho kwamba sitasahau, nikamtaka anioneshe karatasi ya zamu za usiku. Hana. Mwongozaji akaingilia kati: yeye yupo kwenye kazi hii miaka 15 na hajaona boti ikiungua. Hivyo ndivyo anavyojibu mtu mwenye dhamana ya roho 22?

Nataka mnielewe hapa, hasa wale mnaosema kuzamia kwenyewe ni hatari kwa hiyo nililalamikie nini. Nikiwa naenda chini ya maji kila kitu nakikagua mimi. Mtungi wa naitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni, napima kwa mkono wangu. Siku ya pili ulioandikwa asilimia 32 ya oksijeni ukasoma 36, na kwa mchanganyiko huo sitakiwi kuvuka mita 28 na kitu, nikaukataa wakanibadilishia. Kidhibiti hewa nakijaribu, boya langu nalikunja mwenyewe, mwenzangu namkagua na yeye ananikagua. Hatari ya majini nimeichagua na ninajua kuipunguza. Lakini nikishalala, sina ninachoweza kukikagua. Wakati huo nimemkabidhi mtu roho yangu na nimemlipa akae macho. Hiyo ndiyo kazi niliyoinunua, na haikufanywa.

Kuanzia usiku wa nne zamu tulilinda wenyewe. Mimi, mdogo wangu, na mzee mmoja Mjerumani ambaye wakati wa ujana wake alifanya kazi ya zimamoto. Saa mbili mbili kila mmoja, kuanzia saa tano usiku mpaka kumi na moja. Yule mzee alizunguka na tochi mpaka chumba cha injini, kila nusu saa, akaandika kwenye kidaftari chake. Makreti ya soda tuliyaondoa kwa mikono yetu, na kibao kile mdogo wangu alikifungua kwa bisibisi kwa sababu kilikuwa kimepigwa rangi kikaganda. Mzee anakaribia miaka 70, kalipa kama sisi. Tulipofika Daedalus mizamo miwili ya asubuhi niliiacha, maana kushuka mita 30 kwenye mkondo ukiwa na usingizi ni kutafuta balaa, na mizamo ile nilikuwa nimeilipia.

Wakala aliyetuuzia nilimwandikia siku ile ile niliyotua Muscat, nikaambatanisha picha 14. Baada ya siku nne akanijibu mistari mitatu: wamepokea "maoni" yangu, boti ina vibali vyote, na watanipunguzia asilimia 10 kwenye safari ijayo nikikubali kutoandika chochote hadharani. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na bado mkono unanitetemeka. Sikutoa maoni. Nimetoa taarifa kwamba watu watakufa.

Ninachodai ni nusu ya nauli zetu wawili, na barua yenye jina la nahodha inayosema kuanzia sasa kuna zamu ya usiku, kuchaji betri ni mchana tu wakati watu wapo, na dari ya chumba cha mbele inafunguka bila bisibisi. Nusu ya nauli wakininyima nitaumia lakini nitaishi. Hiyo barua siiachi.

Wenzangu mnaopanga kwenda, mwandikieni muuzaji kabla ya kulipa, mtake majibu kwa maandishi: nani yupo macho saa tisa usiku, betri zinachajiwa wapi, mlango wa pili unatokea wapi. Mkifika botini, kabla hamjafungua mabegi, nendeni mkausukume huo mlango. Usipofunguka, shukeni wakati kamba bado zipo gatini.

Aliyewahi kusafiri na boti ya kule na akamuona mlinzi wa usiku kwa macho yake, naomba aseme hapa alikuwa anafanya nini na kila baada ya muda gani, nataka kuipeleka kwa wakala kama mfano. Jibu la wakala likija nitalibandika hapa lote kama lilivyo.