Mafuta ya pimento kutoka Jamaika: yanafaa kwenye mafuta ya mwili na keki?

Mama Singo, Mombasa

Assalamu alaikum, na shikamooni wakubwa. Mimi natengeneza singo na mafuta ya kujipaka ya maharusi hapa Tudor. Shemeji yangu ni baharia, mwezi uliopita kaniletea kutoka Kingston chupa ya mililita 50 iliyoandikwa "pimento". Nilipoifungua nikasema hii karafuu. Nikanusa tena, nikasikia mdalasini na kungumanga humo humo. Nikaona nimepata mali.

Nikatia matone 40 kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi, kipimo kile kile ninachotumia kwa langilangi. Nikajijaribia shingoni kabla ya kumpa mteja, alhamdulillahi. Haikupita nusu saa shingo ikawaka moto. Nikamwagia maji, ikazidi. Asubuhi wekundu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mtulinga.

Sasa dada yangu, anayeoka keki za harusi, anaitaka chupa hiyo hiyo. Mwenye ujuzi anisaidie: kosa liko kwenye mafuta au kwenye kipimo? Na kwenye keki yanaingia?

Mzee wa Makonyo, Pemba

Waalaikumu salaam, marahaba mwanangu. Pole kwa shingo. Kosa ni kipimo.

Miaka 17 nimefanya kazi ya kusindika mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Pimento imenipitia mkononi mara mbili tu, lakini ukoo wake naujua: mti wake na mkarafuu ni ndugu, pamoja na mpera na mzambarau. Wahispania walipoziona punje zake kavu walizifananisha na pilipili manga, ambayo kwa lugha yao ni "pimienta", ndipo likaja hilo jina. Kinachonukia humo zaidi ni yujenoli, ile ile ya karafuu. Mafuta ya makonyo hukaribia asilimia 90 ya yujenoli, na ya punje za pimento mara nyingi huwa kati ya 65 na 85. Langilangi haina yujenoli ya kiasi hicho hata kidogo, kwa hiyo kipimo chake usikihamishe.

Nikueleze nilichokiona kwa macho. Kijana mmoja mgeni kazini alipima mafuta ya makonyo kwa kikombe cha plastiki, kile cheupe chepesi cha shughuli. Akakiacha mezani akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi kikombe kimelegea kama nta, kitako kimenata kwenye meza. Tulipokibandua kiliacha duara ambalo lilibaki pale mpaka meza ilipotupwa. Tangu siku ile kila anayeingia kazini nilimpeleka kwanza kwenye duara lile. Tumia kioo, mwanangu, na ile mipira ya vitonea usiiache imeloa.

Sasa hesabu. Matone 40 ni kama mililita 2, yaani umetia asilimia 2. Kwa mafuta yanayokaa mwilini, karafuu mimi sipiti nusu ya asilimia. Pimento naishusha zaidi, asilimia 0.1, yaani matone mawili tu kwenye mililita 100 zako. Sababu ni kwamba ndani yake kuna kitu kingine, methiliyujenoli. Karafuu inayo kidogo sana, pimento inaweza kuwa nayo asilimia kadhaa. Wanyama wa maabara waliolishwa kitu hicho walipata saratani ya ini, na mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliipandisha hadi kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Bi harusi anasingwa mwili mzima siku saba. Hapo usifanye ukarimu wa matone.

Najua matone mawili utayaona si kitu. Changanya, funika, iache chupa siku tatu mahali pa giza, ndipo unuse.

Na maji uliyojimwagia hayakuweza kukusaidia. Mafuta haya hayachanganyiki na maji, tena ni mazito kuliko maji: tia tone kwenye glasi ya maji uone linavyozama na kukaa chini kama shanga. Siku nyingine paka mafuta ya kula, futa kwa kitambaa, kisha ndipo uoshe kwa sabuni.

Fundi Sabuni, Tanga

Dada, wewe ni wa mafuta lakini wapo wa sabuni watakaosoma hapa. Karafuu na ndugu zake ukizitia kwenye sabuni ya magadi ya kuchanganya kwa baridi, inaganda mkononi. Mimi ilinigandia sufuriani kabla sijafikia kwenye vibao, nikaichota kwa mwiko kama ugali, na ikageuka rangi ya kahawia. Siku hizi natia mwisho kabisa, kidogo, na vibao viko tayari pembeni.

Dada Mfamasia, Temeke

Pole sana dada. Kwanza chupa hiyo ifungie mbali na watoto leo leo. Kwa mafuta ya karafuu, ambayo kemia yake ni ile ile, wamewahi kuripotiwa watoto wadogo waliokunywa kijiko kimoja au viwili vya chai wakapoteza fahamu, ini likaumia. Mtoto akinywa usimtapishe, mpeleke hospitali na chupa yenyewe.

Mteja anayetumia warfarini, au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, asiyameze kabisa, maana yujenoli nayo inapunguza kuganda kwa damu. Na kama shingo itatoa malengelenge, nenda kituo cha afya, usisubiri majibu ya humu.

Mama Singo, Mombasa

Allah awalipe. Malengelenge hakuna, inachubuka tu. Nimewaelewa kwa mafuta ya kujipaka. Nina mteja anayepeleka chupa zangu kwa ndugu zake London, hilo nalo lina sharti? Na keki hamkunijibu, dada kasimama mlangoni.

Mzee wa Makonyo, Pemba

Kwa Uingereza na Ulaya, yujenoli ikipita asilimia 0.001 kwenye mafuta ya kupaka lazima jina lake liandikwe kwenye lebo. Hata hayo matone yako mawili yanapita. Andika.

Ukishapona, jaribu mchanganyiko mpya ndani ya kiwiko, ukae saa 48. Ukiwashwa hata kwa kiasi hicho, basi mwili umeshaikataa yujenoli, na huwa hausahau. Hapo mweleze na daktari wa meno, kwa sababu baadhi ya dawa zao za kuzibia meno zimetengenezwa kwa yujenoli.

Keki. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, waliweka kikomo cha yujenoli kwa siku: miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Tone moja la mafuta yako lina kama miligramu 40 za yujenoli. Mtoto wa kilo 15 kikomo chake ni miligramu 37. Tone moja tu, akilila peke yake, limeshampita. Na tone kwenye unga halitawanyiki lenyewe, linakaa pale lilipoangukia, na anayepata kipande kile ulimi unakufa ganzi.

Kwanza soma chupa. Isipoandikwa kuwa ni ya chakula, isiingie jikoni, hata kama harufu ni nzuri namna gani. Mimi ningemwambia dada yako amwombe shemeji safari ijayo amletee punje zenyewe kavu, ratili moja, Kingston sokoni zimejaa. Azikaange kidogo, azisage, nusu kijiko cha chai inatosha keki ya kilo mbili. Ladha ya punje ina mambo mengi kuliko mafuta.

Kama chupa ni ya chakula na hawezi kusubiri: gramu 100 za sukari kwenye bakuli la kioo, tone moja, asugue kwa kijiko mpaka sukari yote inukie sawasawa, apepete kwa chujio. Sukari hiyo ndiyo aichanganye na siagi, na iwe sehemu ya sukari ya keki nzima ya vipande 20. Hapo kila kipande kinapata miligramu mbili hivi.

Mama Singo, Mombasa

Chupa imeandikwa kwa wino mdogo chini: kwa matumizi ya nje tu. Nimemsomea dada. Anampigia shemeji simu sasa hivi, meli yao inapakia kesho.