Kundi la Ukoo, Mwanza: Hesabu ya Neema na daftari la kikoba

Neema: Shikamooni wote. Mjomba upo? Kesho tuna jaribio na hii imenikwamisha: 5, __, __, 135. Wanasema ni mfuatano wa jiometri, tujaze mapengo.

Deo: Toa 5 kwenye 135, gawa kwa 3. Unapata 130 gawa kwa 3... mbona haikubali

Mjomba Masanja: Marahaba Neema. Deo, hiyo ni njia ya mfuatano wa kujumlisha. Huu unazidisha: kila namba inazidishwa kwa namba ileile, ndiyo inaitwa uwiano. Neema, kutoka 5 mpaka 135 umezidisha mara ngapi?

Neema: Namba ziko nne, kwa hiyo mara nne?

Mjomba Masanja: Hapana mwanangu, hesabu hatua. Ukisimamisha nguzo nne za uzio, nafasi kati yake ni tatu. Hapo ndipo wengi wanapoteza maksi, na inaniuma kwa sababu kuzidisha wanajua.

Neema: Hatua tatu. 135 gawa kwa 5 ni 27. Kipeuo cha tatu cha 27 ni 3. Basi 5, 15, 45, 135!

Shangazi Kabula: 👏👏

Mjomba Masanja: Safi sana. Sasa wakikuficha ya kwanza? Namba ya 3 ni 20, ya 6 ni 160. Nitafutie ya 1 na ya 10.

Neema: Toka ya 3 hadi ya 6 ni hatua tatu. 160 gawa kwa 20 ni 8, uwiano ni 2. Narudi nyuma nikigawa: 10, halafu 5. Ya kwanza ni 5. Ya 10 ni hatua tisa toka hapo, 2 kwa kipeo cha 9 ni 512, mara 5 ni 2,560.

Mjomba Masanja: Ndiyo. Ungeweza pia kuanzia kwenye 160, hatua nne tu: 160 × 16. Siku zote anzia namba iliyo karibu.

Mama Neema: Nawasoma nikiwa hapa sokoni Mwaloni Kirumba. Kaka, nisaidie na mimi. Daftari la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, limelowa mvua ya asubuhi. Kuna mwanachama alikopa, deni lilianza 100,000, mwezi uliofuata wino umesambaa naona 11 tu mwanzoni, mwezi wa tatu ni 121,000. Hajarejesha hata senti. Riba tulibadilisha mwaka huu na mweka hazina yuko safarini Geita, simu haipatikani.

Deo: Katikati ya 100,000 na 121,000 ni 110,500 shangazi. Na inaanza na 11.

Mjomba Masanja: Subiri kwanza. Dada, riba mnapiga kwenye deni lote au kwenye mkopo wa mwanzo?

Mama Neema: Deni lote, pamoja na riba ya nyuma.

Neema: Basi ni kuzidisha! Hatua mbili. 121,000 gawa kwa 100,000 ni 1.21, kipeuo cha pili ni 1.1. Mama, ni 110,000. Riba yenu ni asilimia 10.

Mjomba Masanja: Hakikisha.

Neema: 110,000 × 1.1 = 121,000. Imekubali.

Mama Neema: Kumbe angedaiwa 500 isiyo yake. Wabeja, asante mwanangu.

Mjomba Masanja: Neema, hapo kuna kitu cha kushika kwa ajili ya kesho. Hatua zikiwa shufwa, yaani 2, 4, 6, uwiano unaweza kuwa chanya au hasi. Wakikupa 5, __, 45, andika 15 na -15, zote mbili. Jaribu: 5 × -3 ni -15, ukizidisha tena -3 unarudi 45.

Neema: Mbona ile ya 27 haikuwa na majibu mawili?

Mjomba Masanja: Kwa sababu hatua zilikuwa tatu, namba witiri, haigawanyiki kwa 2. -3 ukiizidisha yenyewe mara tatu ni -27, haifiki 27. Na kwa mama yako hasi haina nafasi, deni la 100,000 haliwezi kugeuka -110,000 halafu lirudi 121,000. Kwenye karatasi ya jaribio usiikate hasi mpaka swali lenyewe likukatalie.

Deo: Na mwezi wa nne asipolipa?

Neema: 133,100.

Mama Neema: Nampigia sasa hivi.