Naomba ushauri: mzee anaendesha shule yote kichwani

Wakuu habari zenu, niko kwenye kashule kadogo ka ufundi wa mikono huku kijijini, tunafundisha kuchonga, ufinyanzi na ususi. Mwanzilishi ni mzee mmoja, fundi haswa, akigonga chungu kwa ukucha tu anakwambia hiki hakijakauka ukikitia motoni kitapasuka, na kweli kinapasuka. Shida ni kwamba kila kitu kiko kichwani mwake, nani kalipa ada, udongo tunachimba wapi, hela ya patasi imetoka wapi, hakuna hata daftari, na mwaka huu kaanza kusahau sahau. Kamati inataka kuleta meneja kijana mwenye kompyuta, mzee kanuna wiki nzima haongei na mtu, na mama wa ususi naye kasema mzee akiondoka na yeye anafunga virago. Mimi ndo msaidizi wake so niko katikati kama nyama ya sambusa. Waliopitia haya, mlimwambiaje mzee aachie ofisi abaki na karakana bila kumvunjia heshima? Na hayo ya kichwani nianze kuyaandika yapi kwanza?