Nikivaa miwani ya VR roho inachafuka, nikivua bado nayumba. Nifanyeje?

RubaniMpya:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hili jambo limeninyima raha kabisa. Nina miwani ya VR, ile inayofunika macho unajiona uko ndani ya gemu, wiki ya pili sasa, zile gemu za kusimama sehemu moja na kukata vitu kwa mikono nacheza hata saa nzima sina shida, ila nikiingia kwenye gemu ya magari au ile ya kutembea kwa kusukuma kijiti cha kontrola, dakika 10 haziishi mate yashajaa mdomoni, jasho la baridi, kigegezi. Juzi nikajikaza mpaka dakika 40. Nilipovua nikaenda kunawa uso, kufumba tu macho pale kwenye sinki nikahisi sakafu inapanda upande wa kushoto, ikabidi nishike ukuta, na hali hiyo ikaenda hadi usiku. Hivi shida ni macho, ni kichwa au ni miwani? Kuna mtu alizoea kweli?

Kijiti_Taratibu:
Pole sana ndugu. Angalia ulivyoeleza mwenyewe, gemu ya kukata ukisogea ni mwili wako kweli umesogea. Kwenye gari macho yanaona unakata kona kwa kasi na huku umekaa kwenye kiti umetulia tuli. Ndani ya sikio kuna vijia 3 vya nusu duara vyenye majimaji vinavyosikia kichwa kikigeuka, na vijiwe vidogo vidogo vinavyosikia ukiongeza mwendo au ukiinama, vyote hivyo vinauambia ubongo hatujaenda popote. Macho yanabisha. Ni kinyume cha mtu anayesoma kitabu ndani ya gari, na ndio maana wale ambao sikio la ndani limekufa pande zote mbili huwa hawachafukwi safarini. Kuyumba baadaye ni ubongo ulishaanza kujipanga kwa dunia ya kule ndani, unahitaji muda kurudi.

Fremu90:
Ingia kwenye setingi mkuu. Weka kutembea kwa kuruka kutoka sehemu hadi sehemu badala ya kuteleza, kugeuka kuwe kwa vipande vya nyuzi 30 au 45, na washa ile ya kutia giza pembeni unapotembea. Punguza ubora wa picha kama fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinashuka, picha ikichelewa kufuata kichwa ni rahisi kuumwa. Halafu umepima umbali kati ya mboni zako? Simama mbele ya kioo na rula, kisha ulinganishe na lenzi zilivyowekwa. Feni ikupige usoni pia, mimi inanisaidia sana.

DadaTulia:
Naomba nisisitize hapo kwenye kujikaza, tafadhali usirudie. Mimi nilijikaza siku tatu mfululizo nikidhani ndio kuzoea, ikafika mahali nikisikia tu harufu ya ile sponji ya miwani roho inachafuka kabla hata sijawasha. Nikaacha wiki nzima, nikaanza upya dakika 5 kwa siku, ile miayo ya kwanza tu au joto usoni navua. Kuzoea kupo jamani ila kunakuja kwa vipindi vifupi. Na ukiwa bado unayumba usiendeshe gari wala usipande ngazi. Dawa za safari nyingi zinaleta usingizi, sizipendi kwa hili. Ila kizunguzungu kikija siku ambayo hujavaa miwani kabisa, au sikio likaanza kuvuma au kusikia kukapungua, hiyo sio VR tena, nenda kwa daktari wa masikio.

RubaniMpya:
Asanteni sana nyote. Nimepima, umbali kati ya mboni zangu ni milimita 61, lenzi zilikuwa zimewekwa 68 tangu natoa kwenye boksi! Nimerekebisha, ile ya kutembea kwa kuruka nimecheza dakika 15 na feni mbele yangu, mate hayajajaa, na nimevua nikafumba macho palepale kwenye sinki sakafu imetulia. Magari bado sijagusa, nayaacha mpaka wiki ijayo, nitaanza na dakika 5.