Fundi kala milioni na laki sita, ua umezama masika moja tu, halafu eti kosa ni la mvua

Salaam wakuu. Naandika nikiwa barazani kwangu hapa Kange, miguu nimeipandisha juu ya stuli maana chini ni dimbwi. Na dimbwi hilo si la barabarani. Liko juu ya pevingi, zile tofali za zege za kupanga uani, nilizolipia mwezi wa pili mwaka huu huu, zile nilizoringia mpaka majirani wakachoka kuona picha.

Tanga yetu sifa yake ni waja leo waondoka leo. Sikujua na pevingi zimo.

Niwape hesabu kwanza ili mjue hasira inatoka wapi. Ua ni mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Pevingi 20,000 kwa mita, hiyo ni 960,000. Ufundi 6,000 kwa mita, 288,000. Tripu mbili za mchanga 240,000. Halafu kuna 150,000 ya kukodi kompakta, mashine ya kushindilia, siku mbili, na hii naomba muishike vizuri kichwani, tutairudia. Jumla 1,638,000. Si hela ya mkopo wala ya mtoto aliye ng'ambo, ni hela ya vitumbua na mchezo wa kina mama, mzunguko mzima nilingoja zamu yangu.

Fundi nililetewa na mtu ninayemheshimu, kwa hiyo sikuuliza mengi. Kaja na vijana wawili, sururu moja na chepeo. Wakakwangua majani, wakachimba kama kiganja cha mkono, wakamwaga mchanga. Nikamuuliza, "Fundi, kifusi hakiwekwi? Kokoto je?" Akacheka. "Mama, hii si barabara ya kwenda Pangani. Mchanga ndio unaobeba." Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea na nakubali, mjuaji asihangaike kuja kunikumbusha.

Kompakta sikuiona. Nilikuwa natoka asubuhi narudi saa nane, kila nikirudi naambiwa imeondoka sasa hivi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hata paka akipita juu ya bati anajua ni wa nani, anasema hakusikia mashine siku zote nne. Alichosikia ni gogo. Kijana alikuwa anatwanga ua wangu kwa gogo kama anatwanga kisamvu.

Mvua za mwisho wa mwezi wa tatu zilipoanza, mstari wa kwanza kuzama ulikuwa ule ulio chini ya upenu, bati linapomwagia. Gata sina upande huo, na fundi aliona kuwa sina, hakusema neno. Baadaye safu ya nje kabisa, karibu na mchongoma, ikaanza kutembea. Natumia neno kutembea kwa makusudi: leo imesogea kidole, wiki ijayo vidole vitatu, kwa sababu hakuna kabstoni wala kizuizi chochote cha kuishika. Safu ya nje ikiondoka ya pili inaifuata, mchanga unapata njia, unakwenda zake kwa jirani.

Kubwa ni la arobaini ya mjukuu wangu, mwezi wa nne. Wageni wamekaa, ubani unafuka, mkwe wangu kapewa kiti kizuri. Yuko katikati ya kunywa kahawa, mguu wa kiti ukazama taratibu, mzee wa watu akawa anainamia kushoto kama jahazi. Kikombe hakumwaga, sifa zake. Ila lile jicho alilonitupia, mimi bado nalilipa.

Nikampigia fundi. Akapokea mara moja tu, na alichosema ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu: "Mama, mvua ya mwaka huu si ya kawaida. Hapo hata angekuja Mchina zingezama."

Sasa sikilizeni. Nina mpwa wangu yuko Toronto, Kanada, mwaka wa sita huu kazi yake ni kupanga hizi hizi pevingi kwenye nyua za watu. Huko kuna miezi maji yanaganda ardhini. Nikamtumia picha, akanipigia usiku, tukaongea mpaka bando likakata. Akasema, shangazi, sisi huku mvua ni afadhali. Maji yakiganda yanatanuka, karibu asilimia 9. Yakiwa yamejificha ndani ya udongo mlaini chini ya pevingi, yanavuta mengine, barafu inakua na kuinua ua mzima. Jua likirudi barafu inayeyuka, inaacha shimo na tope, pevingi zinashuka kila moja kivyake. Hilo linajirudia mwaka baada ya mwaka, na bado kuna nyua zinazodumu.

Nikamuuliza dawa yake nini, nikidhani ataniambia kuna saruji ya ajabu. Hakuna. Wanachimba vya kutosha, wanajaza kokoto iliyopondwa inayopitisha maji, wanashindilia kwa mashine tabaka kwa tabaka, si kwa mara moja. Juu yake mchanga wa chembe kubwa, kama sentimita 3, uliosawazishwa sawasawa. Pevingi zinapangwa, pembeni zinafungwa, mchanga laini unafagiliwa kwenye viungo, mashine inapita tena. Na ua wote unainamishwa uelekee nje, mbali na nyumba. Maji yasipokaa chini, baridi haina cha kugandisha.

Kwa hiyo adui wao na wetu ni mmoja, maji yaliyotuama. Kwetu yanalainisha udongo tu, hayagandi, na hata hivyo tumeshindwa. Barafu yangu mimi iko kwenye friza nauzia watoto.

Na hapa nichomekee jingine, maana nimekumbuka na damu imechemka upya. Kuna muuzaji hapa mjini alitaka kuniuzia pevingi za bei juu kwa maelezo kwamba ni za kiwango cha Ulaya, "zinavumilia mpaka theluji". Theluji, Tanga! Kweli wenye baridi wanahitaji tofali gumu sana lisilonywa maji, kwa sababu maji yaliyo ndani ya tofali nayo yakiganda yanalipasua. Lakini mimi nilichohitaji ni tofali lililokomaa. Nilizoletewa zilikuwa bado mbichi, ukizigonganisha zinatoa mlio wa ndizi. Zege linahitaji kumwagiliwa angalau siku 7 na kukaa kama siku 28 ndipo unalipimia nguvu zake. Zangu nadhani zilitoka kwenye fomu ya kufyatulia juzi yake, pembe zimeanza kumeguka kwa kufagiwa tu.

Jumamosi iliyopita nikachoka kulia. Nikamwita kijana wa dada yangu, tukazing'oa sehemu iliyozama tuone chini kuna nini. Mchanga mahali pengine sentimita 3, pengine 12! Yaani palipokuwa na shimo yeye kajazia mchanga badala ya kusawazisha chini kwanza, ndiyo maana pamezama kwa viraka. Tukakuta mizizi ya majani ipo hai inachipua. Tukakuta mifuko ya nailoni. Tukakuta kandambili, ya mguu wa kulia, namba 8. Nimelipia mita 48 za makaburi ya kandambili.

Na viungo alivizibaje? Kwa saruji. Nilimsifu siku ile, nikaona kazi safi. Kumbe pevingi hushikana kwa mchanga uliobanwa kati yao, zikicheza kidogo zinacheza pamoja. Saruji ilipasuka baada ya bajaji ya mume wangu kuingia mara tatu, maji yakawa yanaingia kwenye nyufa.

Slopu nimepima mwenyewe kwa kamba. Ilitakiwa ishuke kama sentimita 2 kila mita, kwa mita 6 za upana wangu ni 12 kutoka ukutani hadi nje. Yangu inashuka 4, halafu inashukia mlangoni! Ndiyo maana zulia la sebuleni linanuka.

Piga hesabu ndogo: tofali sentimita 6, mchanga 3, kifusi cha kushindilia 15. Chimbo 24. Yeye kachimba kiganja. Hii si mvua, wakuu. Mvua ya masika inakuja kila mwaka tangu bibi yangu anauza samaki Deep Sea, haikumvizia mtu.

Fundi mwenyewe sasa hapokei simu. Jina lake simtaji, akisoma atajijua. Simdai zote. Nadai 288,000 ya ufundi na 150,000 ya mashine ambayo haikuwahi kukanyaga ua wangu, ni 438,000. Wanaosema nimwachie Mungu, nimeshamwachia, ila na mwenyekiti wa mtaa nimempa barua.

Ninachoomba kwenu: mwenye kujua pa kukodi kompakta hapa mjini kwa siku moja, inayoonekana kwa macho, aniambie na bei. Na kama kuna anayeleta kokoto zilizopondwa kutoka machimbo ya Pongwe kwa tripu ndogo, aje inbox. Pevingi nzima zilizobaki nitazirudishia, zilizomeguka nitazipanga njia ya choo cha nje.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mnaouliza kama nina ushahidi, ninao. Kaacha pima maji yake kwenye stoo yangu. Nimeiweka juu ya meza, povu limekaa katikati kabisa, kwa hiyo kifaa ni kizima na hakikuwahi kutolewa kwenye mfuko. Akiitaka aje nayo 438,000, mchana, nikiwa nyumbani.