Shemasi mpya: Meza ya Bwana na familia

Wapendwa, shemasi mpya wa kanisa la Baptisti anaandaaje Meza ya Bwana, yaani ibada ya mkate na kikombe, bila familia kusahaulika?

Jibu: Andaa Jumamosi jioni. Hesabu vikombe kwa mahudhurio, ongeza kumi. Juisi ya zabibu iishie robo tatu ya kikombe. Ukijaza pomoni, trei ikipita mkono kwa mkono inamwagika. Mkate uliokatwa ufunikwe, hukauka upesi. Vikombe vioshwe siku hiyohiyo, maana sukari hugandia.

Jibu: Sadaka nayo! Wahesabu wawili wasio ndugu, wote wasaini. Mume na mke, hapana.

Jibu: Kuhusu familia, 1 Timotheo 3:12 inadai shemasi asimamie vema nyumba yake. Gaweni zamu za kutembelea wagonjwa. Katika Matendo ya Mitume 6 walichaguliwa watu saba wa kuhudumu, si mmoja. Mkiwa mashemasi wanne, kila mmoja achukue wiki yake, na simu zote ziende kwa mwenye zamu.